Kwetu paa ni la nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako nimjibu mzazi aliyeandika wiki mbili nyuma kuhusu vijana wanaosoma nje. Alisema aliona kwenye simu picha ya mtoto wa jirani yake yuko Roma, kavaa miwani ya jua, aiskrimu mkononi, akauliza: hiyo ni skuli au matembezi? Mtoto huyo simjui. Lakini picha ya namna hiyo ninayo, tena si moja. Yangu ilipigwa Novemba, baridi inakata masikio, na ile aiskrimu niliimaliza huku natetemeka kwa kuwa pesa nilishatoa.

Basi sikatai, tulitembea. Nasoma uhifadhi wa majengo ya kale huko Uturuki, mwaka wa tatu, kwa ufadhili, na safari ile imo ndani ya masomo: wanafunzi 17, walimu wawili, siku 11, huko Italia, kutoka Naples hadi Venice kwa treni. Viza yangu ilitoka zimebaki siku tatu. Mama aliuza mkufu wake ili niwe na pesa ya mkononi, na ndiyo sababu barua ya yule mzazi niliikata nikaibandika kwenye daftari. Kama wapo wanaodhani mkufu wa mama umeliwa aiskrimu, nina haki ya kueleza ulikwenda wapi.

Asubuhi ya kwanza pale Naples mwalimu alitukusanya mlangoni mwa hoteli, akamtaka kila mmoja achague kitu kimoja cha kukifuata safari nzima, akichore na kukiandika kila tunapofika. Mwenzangu wa Kazakhstan alichagua milango. Msomali niliyekuwa nalala naye chumba kimoja alichagua ngazi. Mie nikasema maji ya mvua. Wenzangu walidhani nimefikiri sana. Kweli yenyewe ni kuwa ilikuwa inanyesha na viatu vyangu vilishaingia maji.

Pompeii watu wanaijua kwa moto: mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79, mji ukafukiwa na majivu, na ulianza kuchimbuliwa mwaka 1748. Mie nilichokiona kule ni maji. Nyumba za wakubwa zilikuwa na uwazi katikati ya paa, na chini yake kidimbwi cha mawe. Mvua ikinyesha, paa lote linamiminia pale, kisha maji yanashuka kwenye birika lililo chini ya sakafu. Njiani wameweka mawe makubwa ya kuvukia, uvuke upande wa pili bila kukanyaga maji na uchafu. Nilipokiona kile kidimbwi nilicheka peke yangu. Nilikumbuka ua wa kwetu Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na bibi anavyopiga kelele za ndoo wingu likitanda tu.

Halafu tukapelekwa kwenye jengo linaloitwa Schola Armaturarum, ambalo kuta zake zilichorwa picha za silaha. Jengo hili lilitoka salama chini ya majivu. Mwaka 1943 lilipigwa bomu, likajengwa upya na kutiwa paa zito la zege. Alfajiri ya tarehe 6 Novemba 2010, baada ya mvua nyingi, likaanguka lote. Nyuma yake kulikuwa na kilima cha udongo usiochimbuliwa; udongo ukanywa maji, ukawa mzito, ukasukuma. Italia nzima ilipiga kelele, waziri wa utamaduni akaandamwa bungeni, na mwishowe ukaanzishwa mradi mkubwa wa euro milioni 105, sehemu yake ikiwa fedha za Umoja wa Ulaya. Jengo lilifunguliwa tena Januari 2019.

Nilimwuliza fundi mmoja tuliyemkuta pale kazi ilianzia wapi. Nilitarajia anioneshe picha za ukutani. Akanionesha mtaro. Akanionesha na kingo za udongo zilivyochongwa upya, zilale kwa mteremko zisiegemee kuta. Mtaro wenyewe si wa kutia kwenye picha: mawe, kokoto, bomba. Na kondoo! Kama theluthi ya mji bado imo ardhini, na juu yake wamewekwa kondoo wapatao 150 wale majani, kwa sababu majani na miti midogo ikiachiwa, mizizi inaharibu kilicho chini. Hii kazi mbuzi wa mtaani kwetu wangeigombania.

Pale pale mlangoni kulikuwa na mlinzi ambaye aliposikia Zanzibar alinikumbatia kama ndugu yake. Alikuja fungate Kiwengwa. Siku saba. Nikamwuliza Mji Mkongwe aliuonaje. Akaniuliza, kwani kuna mji? Alishuka uwanja wa ndege, akatiwa kwenye basi, akapelekwa pwani, akarudishwa. Sikukasirika, lakini usiku ule usingizi ulichelewa kunijia.

Na niliyokuwa nikiyafikiria ni siku ya tarehe 25 Desemba 2020. Nilikuwa bado skuli. Tulikimbia hadi karibu na Forodhani tukazuiliwa, vumbi tu. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, upande wake wa mbele ulikuwa chini, na watu wawili walifariki. Jioni kila mtu barazani ana sababu yake. Babu yangu, aliyefanya kazi ya uashi maisha yake yote, aliuliza neno moja tu: "Na juu kule alikuwa akipanda nani?" Nikadhani uzee umemchanganya. Ilinichukua miaka, na ndege mbili, kulielewa swali lile.

Roma nitaipita haraka, kila mtu keshaiona kwenye simu. Colosseum ni kubwa na foleni ni ndefu. Pantheon ndiyo iliyonishika. Ni jengo la karibu miaka 1,900, kuba lake ni la zege lisilo chuma hata kidogo, upana wake mita 43 na zaidi, na katikati ya kuba wameacha tundu wazi, pana kuliko chumba chetu cha kulala mara mbili. Mvua inaingia ndani kama ilivyo. Watu wote shingo juu, wanapiga picha. Mie nikapiga magoti chini. Sakafu imeinuka kidogo katikati, na kuna vitundu 22 vya kunywea maji, vidogo hata huvioni usipovitafuta. Mlinzi akanijia mbio, akadhani nimeangusha hereni, naye akapiga magoti kunisaidia kutafuta. Nilishindwa kumweleza. Tulitafuta hereni ambayo haikuwapo, dakika nzima.

Jambo jingine la Roma: mitaani kuna mifereji ya maji ya kunywa kama 2,500, ya chuma, inatiririka mchana na usiku bure. Wenyewe wanaiita pua kubwa, kwa bomba lake lilivyopinda. Nilijaza chupa yangu pale siku tatu zote. Sikumsimulia bibi, maana kwetu maji yakitoka mferejini saa nane za usiku yeye ndiye anayeamka.

Florence ndiko nilikopata jibu, na si makumbusho. Darasa liligawanywa, sisi wanne tukalala kwa mwanamke mmoja mjane mwenye nyumba ghorofa ya tatu. Mji ule una vibao vidogo kutani, vinakuonesha maji yalifika wapi tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulipofurika. Vingine viko juu ya kichwa changu. Vijana, wengi wao wanafunzi, walikuja wakati ule kutoka nchi mbalimbali kuopoa vitabu na picha kwenye tope. Mpaka leo wanaitwa malaika wa tope. Mwalimu alituhadithia haya akitutazama sana, kama anayetaka tuone haya kwa malalamiko yetu ya baridi.

Lakini jioni yule mama mwenye nyumba alirudi saa nne na nusu, kakasirika, akatupa mkoba juu ya kiti. Kitaliano changu ni kile alichonifundisha mtoto wa ami yangu anayefanya kazi hotelini: habari, bei gani, na piano piano, ambayo ni pole pole yao. Yule mwenzangu Msomali ndiye aliyetuokoa, kwani babu yake alisoma skuli ya Wataliano Mogadishu na alimfundisha mjukuu. Kumbe mama alitoka kwenye kikao cha wenye nyumba. Saa tatu nzima wamegombania mlizamu wa paa, yaani ule mfereji wa kutolea maji ya mvua. Mmoja anakaa chini, ana duka, anasema mlizamu haumhusu. Wakamkatalia.

Hapo nikatoa daftari. Nikamwomba anieleze upya, taratibu. Kwao sheria inasema paa, kuta kuu na msingi wa jengo ni mali ya wote wanaomiliki humo. Anayekaa chini anachangia paa, anayekaa juu anachangia msingi, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu yake. Wenye nyumba wakizidi wanane ni lazima wawe na msimamizi wa kukusanya pesa na kuita kikao. Na kwenye kikao wanazozana kama baraza letu la Jaws Corner, Mji Mkongwe, wakati wa uchaguzi. Mama yule alikuwa anaona aibu kutusimulia ugomvi ule mbele ya wageni. Mie nilikuwa namwona tajiri. Wana mahali pa kugombania paa!

Venice tulifika siku mbili za mwisho. Nilitarajia ndiyo itakuwa kilele cha daftari langu, mji mzima wa maji, lakini nilikuwa nimeshachoka na nimepata homa. Asubuhi ya pili uwanja wa San Marco ulikuwa na maji ya kifundo cha mguu, watu wanapita juu ya meza ndefu za mbao. Kwenye njia ambazo bahari inaingilia katika maji yanayouzunguka mji wana milango 78 ya chuma inayolala chini ya bahari na kuinuliwa maji yakitabiriwa kupanda sana. Iliinuliwa mara ya kwanza kuzuia maji Oktoba 2020, na imegharimu zaidi ya euro bilioni 5. Mwalimu alisema ni maajabu, na ni kweli. Lakini mie nilimwona mzee mmoja na ndoo na jagi, anakomba maji dukani mwake kimya kimya, huku redio inaimba. Nikamchora yeye.

Sasa nije kwetu, Mhariri, kwani ndiko mkufu wa mama ulikokwenda.

Nyumba tunayokaa Mkunazini ni ya wakfu, ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ghorofa mbili, familia nne. Mlango mkubwa ni wa wote. Ngazi ni za wote, na zamu ya kufagia imebandikwa ukutani. Kisima kikavu cha uani ni cha wote. Paa si la mtu. Sisi tunakaa juu, mvua ikinyesha tunatega masufuria. Familia ya katikati husema kwao hakuvuji kitu. Chini anakaa Bi Mkubwa mmoja, mtu mzima, ambaye ukuta wa chumba chake umekuwa na unyevu tangu nina akili. Umepakwa rangi ya mafuta mara mbili na kupigwa lipu ya saruji mara moja. Kila mara unapasuka tena, rangi inavimba kama andazi.

Nilirudi likizo mwezi huu. Siku ya tatu nikaazima ngazi, nikapanda paani na Babu. Ana miaka 78. Mama alisimama chini anasoma dua na kunigombeza kwa pamoja. Juu ya bati tulikuta mpira, kandambili tatu zisizofanana, chupa za plastiki, kunguru aliyekufa zamani, na mtini umeota kwenye tundu la mlizamu, umefika kiunoni kwangu. Mlizamu wenyewe ulikuwa umeziba kabisa. Maji ya paa zima, yakikosa njia, yalikuwa yanarudi ndani ya ukuta na kushuka taratibu ghorofa mbili hadi kitandani kwa Bi Mkubwa. Yaani unyevu wa chini ulikuwa unatoka juu. Ugonjwa uko kichwani, na sisi miaka yote tunaupaka rangi mguu.

Babu akakwangua lipu ya saruji kwa ncha ya mwiko. Akanieleza yale niliyoyasoma kwa Kituruki na kuyapatia alama 71: mawe yetu yananywa maji na kuyatoa, chokaa inayapa njia, saruji inayafungia ndani. Yeye alijifunza kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu na kuizika chokaa shimoni miezi chini ya makuti kabla ya kuigusa. Warumi wa kale nao walikuwa na kanuni kwamba chokaa isitumike haijatimiza miaka mitatu. Nilipomwambia hivyo aliguna, akasema miaka mitatu ni mingi, walikuwa hawana haraka wale. Nilizunguka maduka manne ya vifaa vya ujenzi kutafuta chokaa iliyolowekwa. Saruji ipo mpaka mlangoni. Chokaa waliniuzia ya unga ya kuchorea uwanja wa mpira.

Nyumba hii ilishaombewa ruhusa ya matengenezo, miaka mitatu nyuma, katika ofisi ambayo sitaitaja. Waliokuja walikuwa na adabu. Walipima mlango, wakahesabu madirisha, wakatuonya tusibadilishe nakshi wala kutia alumini. Sawa kabisa, nakshi ni zetu. Lakini katika watu wanne waliokuja, hakuna aliyeuliza ngazi ya kupandia juu iko wapi. Karatasi ilirudi baada ya miezi saba imeandika kila kitu kinachoonekana kutoka njiani. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia, na sisi tunautunza kama mtu anayepiga pasi kanzu iliyooza kwapani.

Nilijaribu kuleta Florence nyumbani. Niliwaita wakubwa wa familia zote nne uani baada ya Ishaa, bibi akapika chai ya maziwa, nikapendekeza mchezo wa paa: kila familia shilingi 5,000 kwa mwezi, zinafika 240,000 kwa mwaka, zikae kwa mtu mmoja, zisiguswe ila kwa paa na mlizamu. Kina mama walielewa mara moja, wao wanacheza mchezo tangu hawajaolewa. Ami mmoja wa ghorofa ya kati akasema nyumba ni ya wakfu, wakfu watengeneze. Nikamwambia ami, na wakija kesho, sisi tumepanda lini? Akasema mie mtoto na nimetoka Ulaya juzi. Bi Mkubwa, ambaye ndiye anayelala na ule ukuta, alisema yeye anakaa chini na paa hajaliona miaka 20, hawezi kulipia kitu asichokiona. Nilitaka kucheka na kulia. Nilimsikia yule mwenye duka wa Florence akisema Kiswahili.

Tulizozana hadi saa tano. Mwishowe familia tatu zimetoa. Bi Mkubwa alitoa asubuhi yake, kimya, akampa mama 3,000 imekunjwa ndani ya leso, akasema zilizobaki atatoa ukuta ukikauka. Ami bado.

Kwa wenye dhamana nina ombi moja dogo: fomu ya ruhusa iwe na mstari unaouliza nani anapanda paani na mara ya mwisho alipanda lini. Na penye familia nyingi ndani ya nyumba moja ya wakfu au ya serikali, sehemu ya kodi tunayolipa iandikiwe paa, tuione kwenye risiti. Kwa skuli za ufundi ombi langu ni kuwa wazee kama Babu waitwe wafundishe chokaa wangali wanaweza kunyanyua mwiko. Babu mwenyewe hajui kuwa naandika hili. Angesema namtafutia kazi.

Na yule mzazi mwenzetu namkaribisha chai. Daftari lipo, kurasa 94, na aiskrimu imo ukurasa wa 31, na bei yake.

Mie narudi chuoni wiki ijayo. Masika yanaingia Machi, na ngazi niliyoazima, mwenye nayo kaniachia mpaka mvua zimalizike. Ni ndefu, inafika ghorofa mbili. Iko uani kwetu, nyuma ya kisima. Jirani yeyote wa Mkunazini anayeitaka aje aichukue, isipokuwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi Babu anapanda kuukata ule mtini uliobaki, na mama ameshasema safari hii dua atasoma akiwa ameishika ngazi.

Mwanafunzi wa uhifadhi wa majengo,
Mkunazini, Unguja.
(Jina langu unalo, Mhariri, tafadhali usilitoe, ami anasoma gazeti.)